Kwa Nini Nilikuambia Usiandike Jina Langu

Umoja, Jumamosi alasiri

Mutheu mama,

Nimejifungia chumbani, na huko sebuleni wanadhani nimelala. Nawasikia shangazi zako wakikaanga chapati na kubishana kama begi lako litazidi kilo. Waache wabishane. Habari za sweta, za dawa, za kutobeba mzigo wa mtu usiyemjua, mama yako ameshakuambia, na akisahau utaambiwa na kanisa zima likija kukuombea jioni. Mimi nina jambo moja tu. Nisipolisema leo, kesho utapanda ndege uende Amerika ukiamini kwamba mimi si baba yako.

Usishtuke. Najua unachofikiria. Mama yako ameniambia ulimwuliza, na kwamba hakukujibu, alikaa tu kitandani akalia, nawe ukakichukua kile kilio kuwa ndilo jibu lenyewe. Silo, mama. Alilia kwa sababu yangu, na sababu yenyewe ndiyo hii ninayotaka kukueleza.

Unaikumbuka ile siku ya fomu ya pasipoti. Ulikuwa umekaa mezani na biro, umeandika Grace, umeandika Mutheu, halafu mimi nikakuzuia mkono. Nikasema, "Hapo mwisho usiandike Mutiso. Andika Kioko." Ukacheka, ukadhani ni mzaha. "Kioko ni baba ya mama," ukasema. Nikasema ndiyo, huyo huyo. Nawe unajua, na mama yako aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi anajua, na hapa mtaani hata mtoto wa nasari anajua, msichana anayeandikwa jina la baba ya mama yake ni msichana wa namna gani. Ni yule aliyezaliwa kwao mama yake kabla ya harusi, ambaye baba yake hatajwi. Ukanitazama ukasema, "Kwani mimi ni wa nani?" Na mimi, mjinga wa kutupwa, nikajibu, "Andika unachoambiwa."

Hukuandika. Uliandika MUTISO kwa herufi kubwa, ukakandamiza biro mpaka karatasi ikataka kutoboka, ukaenda zako. Tangu siku hiyo hujaniita Baba. Unaniita "mzee", kama muuza magazeti anavyomwita mteja asiyemjua. "Mzee, chakula kiko mezani." "Mzee, unaitwa nje." Neno hilo linanichoma kila nikilisikia, na sina pa kulalamika kwa sababu nililitafuta mwenyewe.

Sasa sikia ilivyokuwa. Ni habari ya Iran. Ndiyo, Iran, ile nchi ya kwenye taarifa ya habari. Ukianza kucheka nitakuelewa.

Kazini kwangu, kwenye hiyo kampuni ya kutoa mizigo bandarini, walileta kompyuta yenye imeli. Kwa kuwa mimi ndiye karani ninayepiga taipu bila kuangalia vidole, ikawekwa mezani kwangu. Haikuchukua muda nikagundua kwamba humo ndani kuna jukwaa la Wakenya, wengi wako ng'ambo na wachache wako hapa, wanaandikiana mchana kutwa. Wanabishana! Haki ya Mungu, sijawahi kuona watu wenye nafasi ya kubishana namna ile. Na kubwa lao siku hizo lilikuwa Iran. Kama kweli inatengeneza bomu kubwa au inasingiziwa. Kama mataifa makubwa yaipige sasa hivi, au yaendelee kuibania biashara mpaka isalimu amri, au yakae nayo mezani yaongee. Kama sisi tuendelee kuwauzia chai au tufyate mkia. Mmoja alikuwa akichora vita nzima kwa maneno, ndege zipite wapi na zirudi saa ngapi, utadhani anatangaza mpira.

Nikaanza kuzichapa zile barua kwenye karatasi zile zenye matundu ubavuni, nazipeleka Jumamosi kwa Kilonzo mchongaji, kwenye kibanda chake cha vinyago pale karibu na barabara ya Outer Ring. Ninyi watoto mlidhani tunacheza drafti. Kumbe nilikuwa nawasomea dunia. Nasoma kwa Kiingereza, nageuza Kiswahili, kisha watu wanajibu, nami naandika majibu yao. Jumatatu, wenzangu wakienda kula chakula cha mchana, mimi nabaki nataipu. Hivyo ndivyo sisi wa Umoja tulivyoingia kwenye vita vya Iran. Hatukuwa na kompyuta hata moja mtaani, lakini tulikuwa na mimi.

Nilikuwa na masharti yangu. Neno la mtu silipunguzi wala siliongezi chumvi. Akisema moto, naandika moto. Na sharti la pili, ambalo ndilo lililonimaliza: karani hatumi barua isiyo na jina. Miaka yote niliyokaa kwenye dawati, barua isiyo na jina nimefundishwa kuitupa kwenye kikapu. Wale wengine kule jukwaani wanajiita Simba wa Nyika, wanajiita Sauti ya Kweli, wanajiita wapendavyo. Mimi chini ya kila barua niliandika Josphat Mutiso Nzioka, Umoja, Nairobi. Jina langu, jina la baba yangu, na mtaa. Ilibaki namba ya nyumba tu.

Unaliona tatizo? Mimi sikuliona. Watu wote wa pale kibandani walikuwa wanaongea kwa jina langu. Mama Shiru, yule mama wa mitumba, ndugu yake alitobolewa macho na vioo siku ile ya bomu la ubalozi wa Amerika mjini. Alisema wapigwe. Nikamuuliza nani apigwe? Akasema wote. Nikamwambia, "Mama Shiru, sijasikia Iran ikitajwa kwenye bomu letu." Akaniambia, "Sijali, Mutiso, wewe andika." Nikaandika. Wiki ya pili Kilonzo akasema kumpiga mtu ambaye hujamwona na kosa ni uonevu, na watoto wa huko wanakosa dawa kwa sababu ya kubaniwa. Nikaandika. Jumamosi hii mimi nataka Iran ichomwe, Jumamosi ijayo nailia machozi. Mtu mmoja wa kule akaniuliza, "Bwana Mutiso, wewe ni mtu mmoja au ni kijiji?" Nilipowasomea, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilijiona mtu mkubwa siku hiyo, mama, siwezi kukuficha.

Sasa Kilonzo naye alikuwa na lake. Tangu lile bomu, wazungu wa kununua vinyago walikuwa wamekatika. Twiga zake zilikuwa zimejaa vumbi, na nyumbani kwake walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Nikamsomea ile barua ya mtangaza mpira, anavyosema Amerika ishambulie upesi, na kwamba watakaokufa ni watu wachache tu. Kilonzo akaweka tezo chini. Akasema, "Andika. Siku moja moto huo utawarudia kwao, na ukiwarudia mimi nitapiga makofi." Mama Shiru akasema, "Wewe, hayo hayasemwi." Mimi nikasema akisema moto naandika moto. Nikaandika, nikatia jina, nikatuma.

Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, kutoka kwa mtu aliyejiita Mwangalizi. Hakutukana kama wengine. Alisema tu: asante Bwana Josphat Mutiso Nzioka wa Umoja, maneno yako yamehifadhiwa, na wanaohusika wataonyeshwa.

Nilizima kompyuta papo hapo. Wewe hukuwahi kujua kwa nini nyumbani kwetu nilikuwa nazima redio watu wakianza siasa. Nilipokuwa kijana kazini, mwenzangu wa dawati la pili alichukuliwa kwa maneno aliyoyasema akinywa chai. Walikuja watu wawili waliovaa suti, wapole kabisa, wakamwomba atoke kidogo. Aliporudi, baada ya miezi, alikuwa ukimsalimia anaangalia mlango kwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia wanaohusika wataonyeshwa, mimi sihitaji kuuliza ni akina nani. Nilijiona nimesimama kizimbani Makadara, Kilonzo hayupo, Mama Shiru hayupo, ni mimi na jina langu.

Nikaacha kuandika. Nikaacha kwenda kibandani. Na nikaanza kushuku, mama, na nikianza kushuku huwa siwezi kusimama. Yule jamaa aliyekuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba, niliyemfukuza mpaka ukaona haya? Nilidhani ametumwa. Lile gari jeupe lililoegeshwa kwa jirani siku mbili? Nililisimamia dirishani usiku na mchana, kumbe ni la shemeji yake kutoka Donholm, limeharibika. Nikamshuku Kilonzo mwenyewe. Mbona alisema maneno makali namna ile, siku ile, mbele yangu, akijua nitaandika? Nikamwendea nikamuuliza uso kwa uso nani amemtuma. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Mama yako aliponiuliza kwa nini siendi tena Jumamosi, nikamuuliza yeye anataka kujua kwa nini. Mke wangu mwenyewe!

Ndipo barua ya chuo chako ikaja. Unesi, Amerika, na wamekupunguzia karo. Nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi na nyinyi huku nikiogopa, kwa maana dunia ni kubwa na wewe ulikuwa umepata nafasi katika nchi ile ile niliyoitakia moto kwa jina langu. Nikaanza kupiga hesabu kama karani. Ukiandikwa Mutiso, wakitafuta watanipata mimi. Ukiandikwa Nzioka, jina la babu yako, watanipata vile vile, maana nililitia chini ya kila barua. Nililojua ni safi, ambalo sikuwa nimelitumia kwenye ule upuuzi, lilikuwa moja tu, la baba ya mama yako. Nikasema basi, Kioko. Haki ya Mungu, sikufikiria kabisa jina hilo litasema nini kwako. Nilikuwa nimeliangalia kama vile wale watu wa uwanja wa ndege watakavyoliangalia, sikuliangalia kama watu wa kwetu.

Mbona sikukueleza pale pale? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Nilikuwa najiambia kwamba ukijua utatetemeka ukienda kuhojiwa visa, na wao wana macho, watakuona. Hiyo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba niliona aibu, mzee mzima kuponzwa na vita vya watu nisiowajua. Na kuna kipande kingine ambacho nakiandika kwa shida: nilikushuku hata wewe. Niliogopa utamwambia rafiki, rafiki amwambie mwingine. Nilishuku binti yangu niliyemlea, nikaona afadhali uniudhikie kuliko ujue. Nisamehe. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Sasa turudi kwenye swali lako. Wewe ni wa nani.

Ulipozaliwa, mama yangu alitoka Machakos na kuku wawili na kibuyu cha uji. Alikukagua vidole, alikukagua masikio, akakuangalia kisogo kwa muda mrefu, unajua alivyokuwa, hakuwa mtu wa kuamini la kuambiwa. Kisha akasema, "Huyu ni mimi." Akakupa jina lake. Hilo Mutheu si la kuokota. Kwetu, binti wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake, na anapewa kwa sababu ana baba. Ungekuwa si wangu, mama yangu angekuwa wa kwanza kulijua na wa kwanza kulisema, tena kwa sauti, mpaka majirani watoke nje. Tangu siku ile nakuita mama. Ulikuwa hujui kutembea na mimi nilikuwa nakuita mama mbele ya watu, wenzangu wa kazini wakinicheka. Siwezi kumwita hivyo mtoto wa mtu mwingine.

Mama yako nimemweleza leo asubuhi, yote, kuanzia kompyuta mpaka Kioko. Alinisikiliza akikunja nguo zako. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo miezi hii yote mtoto wangu ananiangalia kama malaya kwa sababu ya Iran?" Akasema, "Nenda ukamwandikie. Yangu mimi na wewe tutayaongea akishaondoka." Kwa sura aliyokuwa nayo, afadhali ningekuwa naondoka na wewe.

Na kwa Kilonzo nimekwenda pia. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia tu kwamba unasafiri. Akasema anajua, mtaa mzima unajua. Akanisogezea kigoda, tukakaa. Hakunitajia lile swali nililomuuliza, nami sikuwa na nguvu ya kulitaja. Bado lipo hapo katikati yetu, na sidhani litaondoka upesi.

Huko unakokwenda utawakuta watu wanaojua vita vyote vya dunia wakiwa wamekaa kitini. Watakuuliza wewe kutoka Afrika unasemaje, Iran ipigwe au isipigwe, na watataka jibu kabla chai haijapoa. Sikukatazi kusema. Mimi nilizipenda zile Jumamosi, na nikikuambia hazikuwa na maana nitakuwa nakudanganya. Lakini mwangalie mtu anayekuchochea uongee. Akijua jina lako na wewe hujui lake, funga mdomo. Na siku ukisikia mwenyewe unataka kupiga makofi mji wa watu uungue, hata kama umeudhiwa vipi, toka hapo uende ukapike ule. Kilonzo si mtu mbaya, alikuwa na njaa, na mimi nikaigeuza njaa yake kuwa barua.

Kuhusu huyo Mwangalizi, hadi leo sijui ni nani. Siku nyingine nasema ni kijana wa chuo tu aliyekuwa akijifurahisha chumbani kwake, amenitia kiwewe kisha akaenda kulala. Siku nyingine nasema hapana, yule alikuwa mtulivu mno. Ulipopewa visa kwa jina langu, nyinyi mliimba, na mimi nikakaa chooni nikijiuliza, mbona imekuwa rahisi hivi? Labda wamekuacha upite ili wakungojee kule mwisho. Ndivyo nilivyo sasa. Hata baraka ikija naichungulia nyuma. Sijui kama nitapona, na sitaki uende na ugonjwa huu kwenye begi lako.

Kwa hiyo ninakuomba kitu kimoja, na ndicho nilichojifungia humu kukiandika. Kesho kutwa utakuwa umesimama kwenye dirisha la mtu mwenye sare, ana pasipoti yako mkononi. Huenda atagonga mhuri na kusema karibu, na hofu yangu yote itakuwa upuuzi. Nimeomba iwe hivyo. Lakini akiangalia jina, akiangalia kioo cha kompyuta yake, kisha akikuuliza kama unamfahamu mtu anayeitwa Mutiso Nzioka wa Umoja, usinitetee. Usianze kumweleza habari za Kilonzo na Mama Shiru, hatazielewa, na wewe utakuwa unalia. Mwambie humjui. Mwambie majina ya namna hiyo ni mengi Ukambani. Nikane, mama. Nikane mara tatu kama Petro, jogoo awike asiwike, uchukue begi lako uingie. Mimi nitakuwa hapa nyumbani, na sitakasirika, kwa sababu safari hii utakuwa unanikana ukijua mimi ni nani wako.

Baba yako,
Mutiso